Neno “Pumzika” na Miguu ya Wazee Wetu



Ukurasa huu umekaa kimya kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Wengi mmeuliza kulikoni, wengine mmetuombea, na wengine, kwa wema wenu, mmetuletea uji. Kwa hayo yote tunasema asanteni sana. Leo tunapenda kuwashirikisha jambo tulilojifunza katika kimya hicho, jambo linalohusu nguvu za miili yetu, namna zinavyopotea na namna zinavyorudi. Na kabla hatujamaliza itatubidi tukiri kosa moja tulilolitenda kwa nia njema kabisa, kosa ambalo huenda hata wewe, ndugu msomaji, unalitenda nyumbani kwako pasipo kujua.

Kama wengi wenu mjuavyo, tuliugua homa ya mapafu, tukalazwa hospitalini kwa muda wa siku 12. Dawa zilifanya kazi yake, homa ikashuka, na daktari akaturudisha nyumbani akiridhika kwamba mapafu yamesafika. Jumapili iliyofuata tulirudi altareni kwa furaha kubwa. Misa ilikwenda vizuri hadi mwisho. Tulipopiga goti mbele ya tabernakulo, goti lilishuka, lakini halikupanda. Tulijaribu mara ya kwanza, tukajaribu mara ya pili, na mara ya tatu mtumikiaji mmoja, mtoto wa darasa la tano, alitushika kiwiko akatuinua. Waamini wa viti vya mbele waliona. Wa viti vya nyuma walidhani tumezama katika sala, na baada ya Misa mmoja wao alitupongeza kwa ibada ile ndefu. Hatukuwa na ujasiri wa kumsahihisha.

Jioni ile tulijiuliza: ikiwa ni mapafu yaliyougua, kwa nini ni miguu iliyokufa? Tuna umri wa miaka 63. Kabla ya kuugua tulikuwa tukipanda kwa miguu hadi kigango cha mlimani bila kusimama njiani. Je, siku 12 tu zinaweza kumzeesha mtu namna hii?

Tulipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti wa umri wa wapwa zetu, mwenye heshima nyingi na huruma kidogo. Baada ya kutuamkia aliweka kiti cha mbao kisicho na mikono, akasema: “Baba, naomba ukunje mikono kifuani, kisha uinuke na kuketi mara 5, upesi kadiri uwezavyo.” Jambo dogo kama hilo! Tulitumia sekunde 24, na mara ya mwisho tuliinuka tukitetemeka kama mwanambuzi aliyezaliwa asubuhi. Alitueleza kwamba mtu anayezidisha sekunde 15 katika jaribio hilo huhesabiwa kuwa na dalili ya udhaifu wa misuli. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: “Baba, mapafu yako yamekwisha kuruhusiwa, lakini miguu yako bado imelazwa.”

Ndugu wapendwa, tulianza kusoma na kuuliza, na tuliyoyakuta yalitushangaza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wazee wenye afya njema, wenye wastani wa miaka 67. Wazee hao hawakuwa wagonjwa hata kidogo. Waliombwa tu kulala kitandani kwa siku 10. Mwisho wa siku hizo walikuwa wamepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, na nguvu za kunyoosha goti zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 16. Hayo yaliwapata watu wazima wa afya, wasio na homa wala kikohozi. Sembuse mgonjwa anayetapika, asiye na hamu ya kula, na ambaye mwili wake unapigana na maradhi!

Hata bila kuugua, miaka yenyewe inatupokonya. Baada ya miaka 50 hivi, mtu hupoteza misuli kwa makadirio ya kawaida ya asilimia 1 kila mwaka, na nguvu hupungua kwa kasi kubwa zaidi ya misuli yenyewe. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipatia hali hiyo jina, sakopenia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: sarx, yaani nyama au mwili, na penia, yaani ufukara. Wale kati yenu waliosoma Maandiko katika lugha hiyo watakumbuka kwamba sarx ndilo neno alilolitumia Yohane mwanzoni mwa Injili yake anaposimulia Umwilisho. Basi sakopenia ni ufukara wa nyama. Tunaujua ufukara wa fedha, tunaujua ufukara wa roho; huu wa nyama unaingia nyumbani bila kubisha hodi, na aghalabu tunautambua siku ile mzee anapoanguka.

Sasa hebu tujiulize: mtu anapodhoofika, sisi humfanyia nini? Tunamwambia neno moja, “pumzika,” na tunampa chakula kimoja, uji. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na walikuwa na hekima yao, maana mgonjwa hana nguvu ya kuomba. Lakini wahenga hawakusema apewe uji peke yake miezi mitatu. Katika majuma yetu mawili ya kwanza nyumbani tulikunywa uji mweupe wa mahindi asubuhi na jioni, chai na mkate mchana, soda na glukosi walizotuletea wageni. Yule binti alipotuandikisha kila tulichokula, ilionekana kwamba hatukuwa tukifikisha hata gramu 30 za protini kwa siku. Na muda wote uliosalia tulikuwa kitandani au kwenye kiti cha kuegemea. Tulikuwa tunapendwa sana, na tulikuwa tunadhoofika kila siku.

Tukubali kwamba desturi hii si yetu peke yetu. Hata waganga wa nchi zilizoendelea waliishi nayo kwa muda mrefu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja kijana, Thomas DeLorme, alihudumia askari wenye majeraha ya magoti na mapaja katika hospitali ya jeshi mjini Chicago. Mazoea ya siku hizo yalikuwa kuwapa wagonjwa kama hao mazoezi mepesi mno, wasije wakaumia. DeLorme, ambaye katika ujana wake alijinyanyua kutoka katika ugonjwa kwa kuinua vyuma, alithubutu kuwapa askari hao mizigo mizito, akiiongeza kadiri nguvu zao zilivyoongezeka. Misuli iliyonyauka ikajaa tena, na mwaka 1945 alichapisha matokeo yake. Mpango wa mafungu matatu ya marudio 10, ambao vijana wetu wanaufuata katika kumbi za mazoezi, umetokana na kazi yake na ya mwenzake Arthur Watkins.

Lakini hao walikuwa askari vijana. Vipi kuhusu bibi wa miaka 90? Swali hilo lilijibiwa mjini Boston. Mwaka 1990 Dkt. Maria Fiatarone na wenzake walichapisha taarifa ya wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96, watu dhaifu kabisa, wenye maradhi zaidi ya moja. Kwa majuma 8, mara 3 kwa juma, wazee hao waliinua mzigo kwa kunyoosha goti, na haukuwa mzigo wa kuchezea: ulifikia asilimia 80 ya ule mzito kabisa ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara moja. Tisa kati yao walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya zile za mwanzo, na wawili wao waliacha kutembelea fimbo. Wala hawakuwa wamebadilishiwa dawa au kupewa sindano ya ajabu. Walibebeshwa mzigo, basi.

Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1994, timu hiyohiyo ilichapisha jaribio kubwa zaidi, la wazee 100 wenye wastani wa miaka 87, na hapa ndipo suala la chakula lilipoingia. Waligawanywa katika makundi manne: waliofanya mazoezi, waliopewa kinywaji cha lishe chenye kalori 360 kwa siku, waliopata vyote viwili, na wasiopata hata kimoja kati ya hivyo. Baada ya majuma 10 nguvu za waliofanya mazoezi zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 113, na za wasiofanya kwa asilimia 3 tu. Mwendo wa waliofanya uliharakika kwa karibu asilimia 12, na uwezo wao wa kupanda ngazi ukaongezeka kwa asilimia 28. Na kile kinywaji cha lishe? Peke yake hakikuondoa udhaifu. Zaidi ya hayo, ni wale tu waliofanya mazoezi na kunywa kinywaji hicho ambao jumla ya chakula chao cha siku iliongezeka kwa kiasi cha kuonekana.

Tunaomba mtafakari habari hiyo kwa makini, kwa maana inagusa mapendo yetu ya kila siku. Kumlisha mtu aliyelala hakumrudishii miguu. Uji, maziwa, supu na glukosi, vyote ni vyema, lakini mwili usiopewa kazi haujui vifanyiwe nini.

Maelezo yake, kama tulivyoyaelewa, ni haya. Misuli haifanani na jiwe likaalo mahali pake. Kila siku sehemu yake inabomolewa na sehemu nyingine inajengwa. Unapoinua mzigo mzito kuliko ulivyozoea, nyuzi za misuli huvutwa kwa nguvu, na mvuto huo ndio amri ya ujenzi. Kwa saa 24 hadi 48 baada ya kazi hiyo, ujenzi huenda kwa kasi kuliko kawaida. Vifaa vya ujenzi ni protini itokayo katika chakula. Na muda wa ujenzi ni muda wa mapumziko, hasa usingizi. Basi “pumzika” si neno baya, ila limewekwa mahali pasipo pake. Linakuja la tatu, baada ya kazi na baada ya chakula. Fundi akipumzika baada ya kupanga tofali amepumzika kweli. Yule ambaye hajapanga hata moja amelala tu. Wazee wetu husema mwili haujengwi kwa matofali, wakimaanisha kwamba hujengwa kwa chakula. Wana haki. Sisi tunaongeza tu kwamba hata chakula chahitaji fundi.

Yapo mambo mawili zaidi ya kutia moyo. Kwanza, katika majuma ya mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza upya kuiamuru misuli iliyopo. Kwa hiyo mtu asikate tamaa akiona paja bado ni jembamba. Pili, mwili wa mzee huisikia amri ile kwa uzito, kama sikio lake lisikiavyo, na ndiyo maana anahitaji mzigo wa kutosha na protini nyingi zaidi katika mlo mmoja kuliko kijana. Sisi hutenda kinyume kabisa: kijana hupewa paja la kuku, bibi hupewa mchuzi.

Je, ni kiasi gani? Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipendekeza kwamba watu waliovuka miaka 65 wapate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mama wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, konzi ya karanga gramu 7 au 8, na kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina takriban gramu 25. Dagaa wakavu, ambao tunawadharau kwa sababu ni wa bei nafuu, wamejaa protini kuliko nyama mbichi ya uzito uleule. Kikombe cha uji mweupe kina gramu 2 au 3. Tazameni wenyewe hesabu hiyo. Na msiyadharau makande: protini ya mahindi imepungukiwa na kitu ambacho maharage yanacho kwa wingi, kwa hiyo vikipikwa pamoja kimoja humkamilisha mwenzake. Uji nao waweza kubaki uji, almradi utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa, au yai.

Kwa vijana wetu wanaouliza kuhusu unga wa protini unaouzwa kwa bei kubwa, tuwaambie hili. Mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja tafiti 49 zenye washiriki 1,863 waliokuwa wakifanya mazoezi ya kuinua uzito. Walikuta kwamba protini ya nyongeza husaidia kwa kiasi fulani, lakini sehemu kubwa ya nguvu hutokana na mazoezi yenyewe, na kwamba ukizidisha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, misuli haiongezeki zaidi kwa ajili hiyo. Mwenye maharage, mayai na dagaa mezani hana sababu ya kuuza simu yake ili anunue kopo.

Hapa inatubidi kusema neno kuhusu Kwaresima, kwa kuwa tunawajua wazee wetu. Wapo mabibi na mababu katika jumuiya zetu ambao kwa siku zote 40 hula mlo mmoja wa ugali na mboga za majani, nao huona fahari ya kimya katika jambo hilo. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1252, inasema kwamba amri ya kufunga inawabana watu wazima hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60. Wagonjwa nao hawabanwi. Mama wa miaka 78 anayekula yai lake siku ya Jumatano ya Majivu hajavunja amri yoyote. Kama anataka kujinyima kitu, ajinyime soda.

Na sisi tulifanya nini? Tulifuata mpango wa yule binti kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tuliinuka kutoka kitini mafungu 3, kila fungu mara 8, tukipumzika kidogo katikati. Tuliinua visigino tukishikilia meza. Tuliusukuma ukuta kwa mikono yote miwili. Tuliinua dumu la maji kutoka sakafuni. Maji ni mizani ya maskini, kwa maana lita 1 ina uzito wa kilo 1: dumu likiwa na lita 3 umebeba kilo 3, na juma likikuona umezoea unaongeza nusu lita. Kuinuka kitini kulipokuwa rahisi, tulivaa begi mgongoni lenye chupa za maji, kwanza chupa moja, baadaye mbili. Kanuni ni moja tu: marudio mawili ya mwisho yawe ya taabu. Yakiwa mepesi, mzigo umekwisha kuwa mdogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2 kwa juma, na wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha walau siku 3.

Siku mbili baada ya zoezi la kwanza mapaja yalituuma hata kushuka ngazi za sakristia kukawa adhabu. Tulidhani tumejidhuru. Kumbe maumivu hayo ya misuli hutokea baada ya siku moja hadi tatu, nayo huisha yenyewe. Maumivu makali ya ndani ya kiungo, ya kifua, au kizunguzungu, hayo ni mengine, na mtu asiendelee hata kidogo. Kadhalika mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ngiri, au mfupa uliovunjika karibuni, na mwenye maradhi ya figo anayetaka kuongeza protini, wote wamwone daktari kwanza. Na mtu asibane pumzi anapoinua mzigo.

Baada ya majuma 12 tulirudi kwenye kile kiti cha mbao. Sekunde 12. Kilo 4 kati ya 6 tulizopoteza zilikuwa zimerudi. Sasa tunapiga goti, na goti linapanda.

Tulisema tutakiri kosa. Wengi mnamkumbuka bibi mmoja wa kigango cha mlimani ambaye kwa miaka mingi alifagia kanisa kila Jumamosi na kuteka maji ya maua. Alikuwa amevuka miaka 80, naye alipanda kilima kile na ndoo kichwani. Miaka mitatu iliyopita tulimwita mbele ya waamini, tukamshukuru, tukampa kitenge, tukamwambia: “Mama, umetumika vya kutosha. Sasa pumzika, ufagio waachie vijana.” Watu walipiga makofi na vigelegele. Wanawe nao walifuata mfano wetu: wakamkataza jembe, wakamkataza ndoo, wakamletea kiti. Alitii, kama alivyotii siku zote. Mwaka uliofuata hakuweza tena kupanda kilima. Mwaka jana, usiku, alipokuwa akielekea chooni, alianguka akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani, na tangu siku ile alikuwa mtu wa kitandani.

Tulipoanza tena kuwapelekea wagonjwa Komunyo baada ya ugonjwa wetu, tulimkuta amelala, miguu yake myembamba kama mpini wa jembe. Tulimsimulia habari ya kiti na sekunde 24. Alicheka sana, kisha akasema taratibu, bila lawama yoyote: “Baba, mimi tangu uliponipokonya ufagio, miguu ilianza kunisahau.”

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha, naye alituambia tusisumbuke, kwani tulimtakia mema. Ndiyo, tulimtakia mema, na hilo ndilo linalotusikitisha. Tulimpokonya, kwa jina la upendo, mzigo uliokuwa umemshikilia wima.

Kwa idhini ya daktari aliyempasua, yule binti wa fiziotherapia alipanda mlimani mara mbili akamfundisha mkwe wake namna ya kumsaidia. Kwanza kuketi ukingoni mwa kitanda na kunyoosha goti mara 8. Kisha kusimama akishikilia ubao wa kitanda. Kisha kifuko cha mchanga cha nusu kilo kikafungwa kwenye kifundo cha mguu, baadaye cha kilo 1. Mkwe naye akabadilisha chakula: yai asubuhi, maharage au dagaa mchana, maziwa jioni. Ni miezi minne sasa. Hatutawadanganya kwamba amerudi kufagia kanisa, hatarudi. Lakini anakwenda chooni mwenyewe kwa kutumia fimbo, na asubuhi hutoka hadi mlangoni kuota jua. Kwa mtu aliyekuwa akingoja kubebwa kwa kila haja, umbali ule wa hatua 15 ni mkubwa sana.

Tunajua pia kwamba kazi hii haina mwisho. Wale wazee wa Boston wa mwaka 1990 walipoacha mazoezi, ndani ya majuma 4 tu walipoteza asilimia 32 ya nguvu zao. Misuli haiwekwi akiba kama fedha benki.

Basi, wapendwa, juma hili tunawaomba jambo moja. Nyumbani kwako yupo mama au baba, babu au bibi, ambaye kwa mapenzi umemwondolea kila mzigo. Usimrudishie gunia. Mrudishie ungo wake, ndoo yake ndogo, ufagio wake, safari yake fupi ya kwenda kwa jirani. Mwombe ainuke kitini mara 8 mbele yako, nawe uinuke pamoja naye. Wakati wa kupakua, kipande cha samaki kianze kwake. Na baada ya hayo yote, akiwa amefanya kazi na amekula, hapo ndipo umwambie lile neno letu zuri: mama, sasa pumzika.

Mungu awabariki, tuonane juma lijalo.